Mwandiko wa Penseli

Kra-tak. Kra-tak. Halafu kimya kifupi, kama cha mtu anayemeza mate kabla ya kujibu, na kra-tak tena.

Fundi aliusikia mlio huo kabla hajafika mlangoni, akaitambua mashine kabla ya kuiona. Kigurudumu cha plastiki, upande wa kushoto, kimevunjika jino moja. Alikuwa ameusikia miaka miwili nyuma, katika ghala la mfanyabiashara aliyeleta mashine kuukuu za fotokopi kutoka ng'ambo. Siku hizo fundi alikuwa ameajiriwa pale.

"Karibu, fundi," alisema katibu muhtasi wa chuo cha wauguzi, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. "Zote sita ndivyo zilivyo. Hazijamaliza hata wiki tano hapa. Mimi ndiye niliyezipendekeza, kwa hiyo karatasi ikikwama huko chini, huku juu linatajwa jina langu."

"Pole, mama."

"Pole nimeshapewa nyingi, zimejaa kabati. Mitihani ni mwezi ujao. Nataka mkataba wa matengenezo, miaka miwili, fundi mmoja. Mtu mwingine asiziguse."

Fundi alipiga goti, akafungua kifuniko cha nyuma.

Aliyemfundisha kazi alimzoesha jambo moja: ukimaliza, andika kwa penseli ndani ya kifuniko tarehe, ulichobadilisha, na idadi ya kurasa ambazo mashine imeshatoa, ili fundi atakayekuja baada yako asianze gizani. Na hapo palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, ile saba yenye mstari kiunoni. Rola mbili mpya. Kurasa 817,640. Kaunta ya mbele, ile ambayo mnunuzi huiangalia, ilisema elfu tisini na nne.

Siku ile tajiri wake alimwambia arudishe kaunta nyuma, naye akazirudisha, mashine sita kwa asubuhi moja. Mkono ukaendelea na mazoea yake. Alidanganya mbele, akaandika kweli nyuma, na hakuliona hilo mpaka leo.

Alisubiri moyo umshtuke. Haukushtuka. Tangu mkewe afariki, mwaka sasa, alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: unaukanyagia, nao hausemi kitu. Alifunga kifuniko, akaomba apewe mpaka Jumatatu.

Nyumbani alimweleza dada yake yote, kwa sauti ile ile ambayo angesema sukari imekwisha. Dada huyo alikuja baada ya mazishi kukaa wiki mbili, na mpaka leo alikuwa hajamaliza kuzihesabu.

"Kwa hiyo unangoja nini? Weka sahihi," alisema, akikunja shuka. "Ukikubali, hakuna atakayefungua vile vifuniko ila wewe. Ukikataa wataita fundi mwingine, na huyo ana macho."

"Mashine zenyewe zimekufa, dada. Leo nitafunga rola, kesho itakwama dramu. Nitashinda nimepiga magoti pale miaka miwili."

"Na hapa unashinda unafanya nini? Unahesabu vigae. Mara ya mwisho vilikuwa vingapi?"

"Mia na nane."

"Haya. Vimeongezeka?"

Dada aliiweka shuka juu ya nyingine, akalainisha pembe yake.

"Bahati yako penseli inafutika. Ungetumia kalamu ya wino ningekushauri uhame mji." Kisha akasema, bila kumtazama, "Mdogo wangu, mimi nataka tu uwe na pa kwenda asubuhi."

Jumatatu alikwenda na kalamu kwenye mfuko wa shati, na kifutio kwenye mfuko wa suruali. Katibu muhtasi alikuwa ameshauchapa mkataba. Fundi aliomba kuzipitia mashine mara moja zaidi, na mama yule akamwacha peke yake katika chumba kile kilichonuka joto na unga wa wino.

Mashine ya kwanza ilifutika vizuri. Namba ilianza kufifia, ikawa kivuli, kivuli kikawa plastiki tupu. Alipuliza vumbi la kifutio. Ya pili nayo. Kazi ilikuwa nyepesi, na mikono yake ilikuwa mitulivu kama ya mtu anayefuta meza.

Kwenye mashine ya tatu, chini ya idadi ya kurasa, palikuwa na mstari mwingine, wa haraka, umepinda. *Kliniki saa nane. Usichelewe.*

Alikuwa amejiandikia mwenyewe. Ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kumpeleka mkewe, walipokuwa bado wakidhani ni uchovu. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, na kilichokuwa karibu kilikuwa kifuniko. Alichelewa. Alimkuta mkewe kwenye benchi la nje, amepakata mkoba, naye akamwambia asiheme hivyo, foleni bado ndefu.

Fundi alikiweka kifutio juu ya namba. Mkono haukusogea. Alingoja machozi, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, na hakupita mtu. Alijua tu kwamba hapo hatafuta. Na kama hatafuta hapo, basi kufuta kwingine hakukuwa na maana.

Aliketi sakafuni. Muda ulipita, hakuupima.

"Fundi?" Katibu muhtasi alikuwa nyuma yake, mkataba mkononi, miwani sasa usoni. Alikuwa ameinama kidogo, anasoma ndani ya kifuniko. "Laki nane? Mbona mbele ni elfu tisini?"

Fundi alikifunika kifutio kwa kiganja.

"Nani aliyeandika hapa?"

Angeweza kusema chochote. Fundi wa ng'ambo, mwenye mashine wa zamani, sijui. Mama yule asingeweza kubisha, na kalamu ilikuwa pale pale mfukoni. Aliitazama ile saba yake yenye mstari kiunoni.

"Zipelekeni kwa aliyewauzia, mama, kabla ya mitihani," alisema. "Akikataa, niiteni nije niseme mbele yake."

"Useme nini? Wewe unahusikaje?"

Alijibu kwa sauti ndogo mno, mpaka mama akalazimika kuinama zaidi.

"Mwandiko ni wangu. Na kaunta nilizirudisha mimi, zote sita."