Nilivyofunga chelezo kwa vifaa vya AC ili nijibiwe posa

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za saa hizi kwa wote.

Nina kisa changu mwenyewe nimekaa nacho miezi kadhaa. Nitakieleza kilivyokuwa. Ningetaka kujipamba nisingeanzia hapa, maana kinaanza na uongo wangu.

Mimi ni fundi AC, naishi Mpendae. Kazi zangu nyingi ni za hoteli za Kiwengwa, kwa hiyo bahari naiona kila siku, lakini naiona kutoka juu ya ngazi nikiwa na bisibisi mkononi. Kuvua sijui. Samaki namjua akishakuwa kwenye sahani.

Mwaka jana wazee wangu walipeleka posa kwa kina Ruqaiya, Kiembe Samaki. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni Ami Salum, kaka wa marehemu. Akisema ndiyo, ndiyo. Akisema hapana, mnarudi na barua yenu.

Kabla ya kujibu, akaomba anione.

Nikaenda, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha nikae. Halafu akauliza, "Jumapili hushughulika na nini, kijana?"

Ukweli ni kwamba Jumapili nalala. Lakini ukutani kwake niliona mishipi ya kuvulia imezungushwa kwenye vibao, imepangwa vizuri. Mdomo ukanitangulia.

"Navua mshipi, Ami."

Uso wake ukafunguka. "Basi Jumapili tutakwenda sote mtoni."

Wakuu, nilitoka pale nikihesabu siku.

Nilikuwa na siku nne. Nikaingia mtandaoni, nikaangalia video za wazungu wanavua kwa chelezo kwenye mito yao. Nikaandika kila kitu kwenye daftari. Ufito mrefu, mshipi, chelezo cha kuelea, chubwi ya kuusimamisha mshipi, ndoana, chambo. Chelezo unakiachia maji yakipeleke, kikizama tu unavuta.

Vifaa nikaunga mwenyewe. Chelezo nilikikata kwenye ile sponji nyeusi tunayovisha mabomba ya AC, nikakipaka rangi nyekundu ya kucha ya dada yangu. Chubwi nikaweka nati ndogo za shaba. Nikajaribia kwenye pipa la maji uani, napunguza nati, naongeza nati, mpaka chelezo kikasimama wima. Pale kwenye pipa nilikuwa bingwa.

Jumapili asubuhi Ami akanikabidhi ufunguo wa vespa yake, niendeshe mimi. Nikaona hii ni heshima, au ni mtihani wa kwanza.

Tukaenda upande wa Chwaka, kwenye mto wa maji chumvi unaoingia ndani ya mikoko. Kwa wasioijua mito ya namna hii, ni mkono wa bahari. Bahari ikipwa mto unakwenda baharini, ikijaa mto unarudi juu. Mimi hilo sikulifikiria hata kidogo. Mto wa kwenye video ulikuwa unakwenda upande mmoja tu tangu asubuhi mpaka jioni.

Tulivuka kijito cha maji ya vifundoni, tukafika kwenye fungu la mchanga. Ami akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Akanipa ndoana yake.

"Hebu nifungie, nione mkono wako."

Mtihani wa pili. Nikafunga fundo ninalolijua, na kwa kuwa sikuliamini nikalizungushia tepu nyeupe ya AC. Akalipapasa kwa vidole.

Kisha akasema, "Leo bamvua. Yakigeuka niambie."

Nikaitika, "Naam, Ami." Mtihani wa tatu huo, na swali lenyewe sikulielewa. Baadaye ndipo nilipojua bamvua ni siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Niliona aibu kuuliza nini kinageuka.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Chelezo changu kilikuwa kinateremka taratibu kuelekea baharini kama kwenye video, nakirudisha juu, kinateremka tena. Nikaanza kujiona na mimi mwenyeji.

Baadaye kikasimama. Halafu kikaanza kurudi kule nilikokitupia.

Nikasema hapa nimekosea uzito. Nikakitoa, nikapunguza nati moja. Kikarudi tena. Nikapandisha kina. Kikarudi kwa kasi zaidi. Nimehangaika nacho mara tatu, jasho linanitoka, namtazama Ami kwa pembeni kama ameona ninavyoharibu. Alikuwa ametulia, anaangalia mbele.

Mara akasema, "Mbona nasikia baridi miguuni?"

Nikatazama. Maji yalikuwa yamemfika vifundoni pale pale kwenye ndoo.

"Yameshageuka?"

"Sijui, Ami."

"Hujui vipi? Chelezo chako kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda mikokoni. Nshakirekebisha mara tatu, hakisikii."

Akanigeukia polepole. "Kijana, wewe ushapata kuvua?"

Nyuma yetu kile kijito kilikuwa kimeshakuwa kipana, na hakikuwa na muda wa kuningoja nitunge uongo mwingine. Nikaona posa yangu imeondoka na maji.

"Sijapata, Ami. Nlikuongopea siku ile. Lakini na wewe, chelezo changu hukukiona kinarudi?"

Akauvuta mshipi wake mpaka chelezo chake kikamfika mkononi.

"Hata changu sikioni," akasema. "Huu mwaka wa pili. Nyumbani hawajui, wakijua watanizuia kutoka. Nikasema huyu mvuvi, atakuwa macho yangu."

Hapo nikaelewa vespa, ndoana na ile "niambie". Hakuwa ananipima hata kidogo. Alikuwa ananitegemea.

Nikamshika mkono, tukavuka. Maji yalitufika kiunoni, na mkondo ulikuwa unasukuma. Mimi nikamwambia nilichokiona mbele, yeye akaniambia pa kukanyaga, maana chini ya mto ule anapajua kwa nyayo. Ndoo na ufito wangu vilikwenda zao. Tulipofika nchi kavu nilikaa chini nikashukuru Mungu, mwili wote umelegea kwa raha. Ami akaanza kucheka peke yake. "Tepu," akasema. "Tepu kwenye ndoana."

Tukakubaliana. Yeye ataonyesha macho hospitali, mimi nitamwambia Ruqaiya uongo wangu wote. Nilimwambia siku ile ile. Alicheka zaidi ya ami yake, nikapata usingizi.

Posa Ami hakuijibu. Alituma neno kwamba hajibu mpaka amwone kijana vizuri. Nikangoja wiki sita. Akapasuliwa mtoto wa jicho, akafunguliwa bendeji, akaniita.

Alinitazama muda mrefu, kuanzia kichwani.

"Kumbe nywele zimeshaanza kukukimbia," akasema. "Haya. Waambie wazee wako waje."

Tumeoana, alhamdulillahi.

Nilichojifunza wakuu, kama hujui sema hujui, mapema, kabla maji hayajafika miguuni. Mimi nilidhani aibu ya kuuliza ni kubwa, kumbe nilikuwa nimebeba roho ya mtu na sina habari. Na kama una mzee nyumbani anayekupa ufunguo wa chombo chake ghafla, muulize macho yake.

Karibuni mtoe maoni. Wenye uzoefu wa chelezo kwenye mito ya kujaa na kupwa nifundisheni, safari hii nauliza kweli. Mkitaka kunicheka pia ruhusa.

Ila chungeni lugha, Ami yumo humu jukwaani. Huu uzi anausoma mwenyewe, hasomewi na mtu.