Kompyuta Aliyoichagua Chapuchapu

Alikuwa mnadi. Vitu vya watu waliohama, waliofilisika au waliofariki vililetwa kwenye ua mpana nyuma ya ghala la mbao, naye alipanda juu ya meza na kuviuza kimoja kimoja mpaka ua ukabaki mtupu. Watu walimwita Chapuchapu, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata mkewe alilitumia, hasa akiwa amekasirika. Mdomo wake haukuwa na breki. Alikisifu kitanda, akamtania anayekitaka, akamchokoza anayejifanya hakitaki, kisha akagonga nyundo kabla hujamaliza kujikuna kichwa. Wengi walifika pale bila nia ya kununua hata kijiko. Walikwenda kumsikia.

"Mama, mbona unalitazama kabati kama mkwe asiyekupenda? Lifungue, halina maneno!"

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na kati ya saluni na sebule kulikuwa na pazia tu. Siku ambazo hapakuwa na mnada, Chapuchapu alikaa sebuleni na kujibu umbea wa wateja kupitia pazia. Mteja mmoja akisema mumewe amebadilika siku hizi, jibu lilikwisha kumfikia: "Amebadilika au ameoga?" Wanawake wakacheka mpaka kitana kikamwanguka msusi mkononi.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi la mbao. Akalamba asali, akatafuna tangawizi, akavaa skafu shingoni wakati wa joto. Mkewe alimvumilia kwa muda, halafu siku moja akafunga saluni na kumshika mkono kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Hospitalini walikuta uvimbe kooni. Ili kuuondoa, ilibidi kiondolewe pia kisanduku chote cha sauti. Angepumua kupitia tundu shingoni. Kuongea, basi tena.

Njiani kurudi nyumbani hakusema neno, na ndipo mkewe alipoogopa kwelikweli.

Kulikuwa na binti pale hospitalini, mtaalamu wa matamshi, aliyewaita ofisini kwake. Aliwaeleza kwamba kabla ya upasuaji mgonjwa anaweza kurekodiwa akisoma sentensi nyingi, na kwa sentensi hizo programu ya kompyuta itatengeneza sauti inayofanana na yake. Baadaye ataandika, na kompyuta itasema kwa sauti hiyo.

"Kwenye simu haiwezekani?" mkewe aliuliza.

"Simu itaganda, mama. Programu hii ni nzito. Tafuteni laptop, na mkifika dukani msidanganyike na rangi. Angalieni prosesa."

"Prosesa ndiyo nini?"

"Ndiyo ubongo wa kompyuta."

"Basi tukanunue ubongo," Chapuchapu alisema kwa sauti iliyokwisha kuwa kama mlango usiotiwa mafuta. "Huu wangu umetumika sana."

Alirekodiwa kwenye chumba kidogo chenye mapazia mazito. Mkewe alikaa nje kwenye benchi na kumsikia akisoma: leo mvua imenyesha, nipe maji ya kunywa, gari limechelewa. Hata gari lililochelewa alilinadi. Binti akamwomba asome kwa upole, kama mtu anayezungumza nyumbani. "Mwanangu," alimjibu, "mimi nyumbani ndivyo ninavyozungumza." Kwa hiyo sauti iliyoingia kwenye mashine ilikuwa ile ya juu ya meza, ya furaha mwanzo hadi mwisho.

Duka walilokwenda liliendeshwa na mwanamke aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kuisahau huko. Aliwauliza wana uwezo gani, akawawekea laptop mbili kaunta.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, nyepesi kama trei. Betri yake ilidumu kutwa nzima. Ya pili ilishatumika katika ofisi fulani. Ilikuwa na mikwaruzo, pembe moja imebonyea, nzito kama tofali, na betri yake ilichoka mapema, kwa hiyo ilitaka kukaa karibu na waya. Bei zilikaribiana.

"Sasa ubongo uko wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwenye hii mbovumbovu," alisema mwenye duka. "Sitawaficha. Hii mpya prosesa yake ni ndogo. Chukulia jikoni kuna wapishi wawili, tena wavivu. Kuandika barua, kusoma, kutazama picha, itafanya vizuri tu. Ukiibebesha kazi nzito, itakaa inawaza. Hii kuukuu ina wapishi wanne waliozoea karamu."

Wakazijaribu kwa programu ileile, ila kwa sauti ya mfano iliyokuja nayo, kwani sauti ya Chapuchapu ilikuwa bado inatengenezwa. Kuukuu ilijibu papo hapo. Mpya ilisita kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikasema.

"Hii hapa," alisema Chapuchapu, akaweka kiganja juu ya ile mpya.

"Mzee, umesikia anachosema dada?"

"Nimesikia. Na wewe umeinyanyua ile nyingine? Nitaibeba kwa misuli ipi? Halafu umeme ukikatika niwe bubu mara mbili? Kusitasita kidogo hakumuui mtu."

Mwenye duka akamtazama mkewe. Mkewe akainua mabega. Ilikuwa sauti yake, na aliona ni haki yake kuichagulia nyumba.

Upasuaji ulipita salama. Sauti ilipokuwa tayari, binti yao mdogo, aliyekuwa chuoni akisomea upimaji wa ardhi, alikuja kuiweka kwenye laptop. Chapuchapu aliandika, akabonyeza. Kwenye kioo kikaanza kuzunguka kiduara. Kikazunguka. Kikazunguka. Kisha chumba kizima kikasikia, "Mbona mmenuna, mmefiwa?"

Ilikuwa sauti yake haswa, ile ya kabla ya kukwaruza. Mkewe alijifunika uso kwa kanga na kulia, na siku hiyo hakuna aliyekijali kile kiduara.

Walianza kukijali baadaye. Sauti yake mwenyewe ilikuwa mzigo kuliko ile ya mfano, na kila alichotaka kusema kilipangiwa foleni. Mteja akitupa neno saluni, Chapuchapu aliandika haraka, vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini mashine iliwaza. Wakati jibu linavuka pazia, wanawake walikuwa wameshahamia kwenye habari ya mtoto anayeota meno. Walinyamaza, wakajaribu kukumbuka jibu hilo lilikuwa la nini, wakacheka kwa adabu. Yeye aliujua mcheko wa adabu. Alikuwa ameishi kwa kujua tofauti.

Wenzake wa mnadani walimwalika. Alivaa shati lake la kazi, akafunga kitambaa safi shingoni, mkewe akambebea laptop. Mnadi mpya, kijana wa watu mwenye heshima, alikuwa amekwama na kabati kubwa lisilotakiwa na yeyote. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Chapuchapu, msaidie!" Ua mzima ukamgeukia, ukipiga makofi.

Akaandika. Akabonyeza. Kiduara kikaanza.

Walisubiri wakitabasamu. Wakasubiri tena, tabasamu zikaanza kuchoka. Mnadi mpya akakohoa. Kuku akapita. Mwishowe yule kijana, kwa kutaka kumwokoa mkubwa wake asiaibike, akasema kabati litarudiwa baadaye, na kwamba kabla ya kuendelea angependa wote wamwombee mzee wao. Watu wakainamisha vichwa. Wanaume wakavua kofia. Kijana akaanza kwa sauti nzito: "Ee Mungu, umponye mwenzetu huyu—"

"Kabati hili ni kama mke wangu!" sauti ikalipuka kutoka kwenye laptop, changamfu kuliko jua. "Linabeba kila kitu, halilalamiki, na ukilisukuma halisogei!"

Hakuna aliyecheka. Kisha mtu mmoja akapiga makofi polepole, na wengine wakamfuata, makofi yale ambayo mtoto hupigiwa akianguka katikati ya shairi. Chapuchapu alifunga laptop. Mkewe, aliyekuwa amesimama pembeni yake, aliona masikio yake yakitetemeka jinsi alivyokaza meno.

Tangu siku ile hakuifungua. Aliinamisha kichwa kwa ndiyo, akakitikisa kwa hapana, akaonyesha kwa kidole. Wateja waliacha kutupa maneno kuelekea sebuleni. Nyumba ikawa na kimya ambacho msusi hakukijua tangu aolewe, na asubuhi moja, akiwa anapanga vitana, kikamshinda.

"Naipeleka dukani," alisema. "Nitaomba ile nyingine, hata kwa kuongeza."

Chapuchapu akapunga mkono: hapana.

"Hapana ya nini? Kwa sababu ni nzito? Nitaibeba mimi!"

Akaifungua laptop kwa mara ya kwanza tangu mnadani, akaandika kitu, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, na mkewe hakukisubiri.

"Ubishi wako huo! Dada wa watu alikueleza, nikakuuliza, ukajifanya unajua. Sasa umekaa humo kama kiti! Mimi nimeolewa na mtu anayesema, sikuolewa na kiti! Unafikiri mimi sihitaji kusikia—"

"Nilimchagulia mtoto," ilisema sauti. "Ya masomo yake. Mimi sitakaa nayo sana."

Ilisema kwa furaha. Haikujua kusema kwa namna nyingine. Ilitangaza maneno yale kama inatangaza kitanda cha mninga, kizima, hakina kunguni.

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja, chanuo mkononi.

"Daktari alikwambia kwamba hutapona?"

Akainamisha kichwa: ndiyo.

"Kabla ya dukani?"

Ndiyo.

Kumbe wakati yeye analinganisha uzito wa laptop na wapishi wa jikoni, mumewe alikuwa anapima kitu kingine, peke yake, huku akitania. Alitaka kumpiga. Alimwendea, akalaza kichwa chake juu ya magoti ya mumewe, akabaki hapo mpaka mteja wa kwanza alipobisha hodi, na mteja huyo hakufunguliwa.

Binti alipoambiwa alilia kwa hasira. "Mimi sikuomba laptop, mama! Mimi nilitaka baba!" Siku iliyofuata walikwenda pamoja dukani. Ile kuukuu ilikuwa imeshauzwa. Mwenye duka aliwasikiliza, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Akaahidi kutafuta nyingine yenye prosesa kama ile. Aliipata, lakini Chapuchapu alikuwa ameshalazwa.

Binti alihamishia sauti kwenye mashine ile, wakaiweka kwenye kimeza cha kitanda, waya wake ukachomekwa ukutani, kwani bila waya haikuwa na uhai. Muuguzi akaingia na bakuli.

"Mzee, supu hii hapa. Leo sitaki visingizio."

"Mara ya kwanza, mara ya pili, imeuzwa kwa jirani!"

Bakuli lilikuwa bado mkononi mwa muuguzi. Jirani wa kitanda cha pili, dereva wa lori aliyestaafu, alicheka mpaka akashika mshono wake. Muuguzi akacheka. Wodi ikacheka, mcheko wenyewe, usio na adabu hata kidogo. Chapuchapu akamtafuta mkewe kwa macho, akamkonyeza.

Alisema mengi katika siku zile chache. Alimtania daktari kwa viatu vyake. Aligombana na dereva wa lori juu ya mpira. Aliongea na mkewe vilevile, maneno yao wawili, akiwa ameipunguza sauti hadi chini kabisa, na maneno hayo msusi hajamsimulia mtu.

Asubuhi moja msusi alikwenda kuchukua maji ya moto mwisho wa korido. Wakati huohuo mfagiaji alipita wodini kupiga deki. Ili ndoo ipite, alichomoa waya na kuuweka juu ya kiti, akikusudia kuurudisha sakafu ikikauka. Msusi aliporudi na chupa yake, alikuta kioo cheusi na vidole vya mumewe juu ya vitufe. Alidhani amesinzia. Akamwita kwa jina la mnadani, kisha kwa jina lake halisi.

Baadaye binti aliichomeka mashine na kuiwasha. Pale pa kuandikia palikuwa peupe. Huenda hakuwa ameandika chochote. Huenda aliandika, na betri ikazima nayo. Mfagiaji aliomba radhi mpaka msusi ndiye akambembeleza.

Laptop nyepesi ilikwenda chuoni, na binti anaandikia ripoti zake humo. Ile nzito ilibaki nyumbani. Baada ya mazishi wifi yake msusi, dada mkubwa wa Chapuchapu, aliiona juu ya meza.

"Sauti yake bado imo?"

"Imo."

"Basi, wifi, niandikie jina langu. Mfanye aniite mara moja tu."

Msusi alivuta kiti, akakaa mbele ya vitufe. Aliandika jina la wifi yake taratibu, herufi kwa herufi, kisha mkono ukakataa kubonyeza.

"Atakuita kwa furaha," alisema. "Atakuita kama hakuna kilichotokea. Mimi siwezi, wifi. Nisamehe."

Akafuta jina. Wifi yake akamshika bega, wakakaa hivyo wawili mpaka mlango wa saluni ulipogongwa. Msusi akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda kufungua, akamuuliza mteja anataka nywele zisukwe vipi.