Foni ya Katoni

Usiniambie kuchunga vitabu ni kazi ya watu wapole. Mimi Léocadie nimefundisha miaka mingi kwenye shule moja ya mutaa wa Mapendo, hapa Goma, na hakuna mutu niliyemuona akipigwa kama Mama Kahindo wa biblioteke.

Kahindo alikuwa wa kabila la Wanande, kwao muji wa Butembo, mukali, mwenye sauti ya sokoni. Vitabu vyake vilikuwa vya picha, masista walituachia. Watoto hawakujua Kifaransa vizuri, naye hakujali. Alifungua ukurasa mumoja, wakaangalia kimya, halafu akafunga kitabu, pap! "Sasa mutengeneze kile kimebaki ndani ya kichwa." Wakatengeneza kwa katoni, waya na maganda ya migomba. Yeye mwenyewe hakugusa kazi ya mutoto hata kidogo. Nikimuambia asaidie, ananicheka: "Aka, Léo! Ukiishika, ni yako."

Basi ukafika mwaka ule wa uporaji, basoda, maaskari wa Zaïre, hawalipwi mushahara. Walivunja maduka ya mujini, wakapanda mpaka kwetu. Tulijifungia na watoto ndani ya biblioteke. Wakapiga mulango mateke, ukaanguka.

Sergent, mukubwa wao, aliona kitu dirishani: katoni yenye vifuniko vya chupa za bia, na waya murefu uliopanda mpaka juu ya bati. Bibiche, musichana wa cinquième, darasa la tano, alikuwa ameona picha ya nahodha akiongea kwa redio ya meli. Yeye akatengeneza foni, redio ya kuongea na watu wa mbali, kama ile wafanyabiashara Wanande wanayoulizia bei Butembo. Goma kila mutu anajua: penye foni kuna mali. Na foni bila ruhusa, wanakuita mupelelezi.

"Weye Munande!" Sergent akamufokea Kahindo. "Ile ya kweli iko wapi?"

"Ni ya kuchezea, papa. Ifungue uone."

Akamupiga mudomoni kwa kitako cha bunduki. Damu ikamwagikia vitabu. "Nani alitengeneza hii? Tunaenda naye kambini."

Mungu wangu! Wasichana waliopelekwa kambini, tulijua walirudi namna gani, na wengine hawakurudi. Bibiche alikuwa nyuma yangu.

"Ni miye," Kahindo akasema. "Na ninyi watoto, munyamaze wote!"

"Kama ni weye, tengeneza ingine. Nione."

Yeye! Mutu ambaye hajawahi kukata hata katoni! Akashika makasi, katoni ikapasuka. Akakunja waya, ukamuchoma, ukaanguka. Basoda wakacheka. Sergent akashika mukono wa kuume wa Kahindo, akauweka juu ya meza, akaupiga na bunduki, akaupiga tena. Nilisikia mifupa. Wanasema mwenye nguvu umupishe, lakini tuwapishe mpaka wapi? Nikamurukia yule mushenzi nikipiga makelele, akanitupa chini kwa teke la tumbo.

Nilipoinua kichwa, Bibiche alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Ni mimi nilitengeneza, papa. Unipe paketi yako ya sigara."

Akaitwaa, akaikunja, akakata, akachomeka waya. Hakuinua macho hata mara moja. Akaiweka sikioni: "Allô, Butembo? Maharagwe ni ngapi?"

Basoda wakaangua kicheko. Sergent hakucheka. Alimuangalia yule mutoto kutoka kichwani mpaka miguuni. Halafu kule barabarani mutu akaita kwamba depo ya bia imefunguliwa. Wakabeba viti na mapazia, wakakimbia.

Bibiche akamusogelea Kahindo. Kahindo akamupiga kofi kwa mukono wa kushoto, kofi la nguvu, mutoto akaanguka juu ya vitabu.

"Nilisema munyamaze! Wangekubeba, unasikia? Wangekubeba!"

Halafu kwa mukono uleule akamuvuta, akamubana kifuani kwenye damu, akalia kwa sauti. Walipomuvunja vidole hakulia.