Mama Alipopewa Macho Yangu

Kazini wanamwita Mshenga, na jina limemganda hata nyumbani. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na sijaona mtu mwenye msimamo wa kuudhi kama yeye. Yuko hospitali ya macho, chumba cha mwisho cha korido, dirisha linatazama tangi la maji. Kwenye kompyuta yake kuna majedwali mawili: mapokezi wanajaza la kwanza, mgonjwa ni nani na alifika lini, chumba cha vipimo wanajaza la pili, jicho lipi bovu na limefikia wapi. Yeye anaiambia programu ya ripoti iyaoanishe, kila mtu akutane na vipimo vyake, ndipo itoke orodha ya wanaoitwa kupasuliwa. Ndio ushenga wenyewe huo. Huwa namtania kwamba ameozesha umati wa watu na yeye hana hata mchumba. Naye hucheka, maana tunapendana.

Kuna mwaka tuligombana kweli. Mama mkwe, mama yake mzazi, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Huyu ni mwanamke aliyesomesha wanawe kwa cherehani, na sasa cherehani imefunikwa shuka, yeye anapapasa ukuta kwenda chooni. Akimimina chai anatia kidole kikombeni ajue imefika wapi, anaungua, anasema hajaungua. Roho ilikuwa inaniuma. Tulikwenda kupimwa pamoja hospitalini kwake wifi, kwa kuwa nami kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikaambiwa macho yangu mazima, yeye akaambiwa asubiri kuitwa. Jirani aliyepimwa baada yetu akaitwa, akarudi anaona, akaanza kutusimulia rangi ya mapazia yetu wenyewe. Sisi hatukuitwa. Na madaktari wa upasuaji pale hospitalini walikuwa wageni, wamekuja kwa muda tu. Mwisho wa mwezi wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Nikamwambia wifi aangalie mama amekwama wapi. Akakataa katakata. Akianza kumtafuta mama yake, alisema, kesho atamtafuta shangazi, keshokutwa rafiki wa bosi, na wasio na mtu ofisini watabaki na giza lao. Kila ripoti ikitoka aliituma bila kusoma majina, makusudi, asije akashawishika. Mama naye anamtetea, ati mwanangu anatenda haki. Haki gani? Nilimnunia, nikawa nampa chakula huku nimegeuza uso.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama ameiondolea cherehani shuka, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa kuhisi tu. Vidole vina damu. Aliposikia hatua zangu akaificha mikono chini ya kitambaa. Jioni wifi alipoingia nilimvuta mpaka kwa mama, nikaifunua ile mikono.

"Sikuombi umpitishe mbele ya mtu," nikamwambia. "Nakuuliza kama yumo."

Asubuhi aliondoka bila kunywa chai.

Kumbe mama alikuwamo, mapokezi yumo na kwenye vipimo yumo. Ila programu ilikuwa inawatambua watu kwa namba ya simu, na mama hana simu, waliandika yangu. Ikienda na namba ile kwenye jedwali la vipimo, mstari wa kwanza wenye namba hiyo ikiukuta inaridhika, haitafuti zaidi. Mstari huo ulikuwa wangu, kwa sababu nilitangulia kupimwa. Basi mama akapewa macho yangu, mazima, hayahitaji kitu. Na aliyechagua namba ya simu ni Mshenga mwenyewe, akiogopa majina yanayofanana. Yeye ana simu mbili. Haikumjia akilini kwamba nyumba nzima inaweza kuishi kwa simu moja.

Alinieleza haya akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, viatu mkononi, analia. Si mama peke yake, alisema. Ni wazee wengi, wale wanaoandikishwa kwa simu ya mkwe au ya jirani. Nilikuwa na maneno ya kumsuta, nimeyaandaa siku nyingi. Nikayaacha, nikakaa naye.

Kesho yake alikwenda kumweleza daktari mkuu kila kitu, bila kujitetea. Akaoanisha upya kwa namba ya kadi, ambayo kila mgonjwa ana yake. Kisha akaanza kuwapigia walioachwa kwa kufuata siku waliyofika. Simu yangu ililia mchana. Ilikuwa sauti yake, kavu, ile ya kazini, inaomba kuongea na mama kwa majina yake matatu. Nikampa.

"Unatakiwa kufika kesho asubuhi kwa upasuaji," ikasema. "Samahani kwa kucheleweshwa."

"Ahsante, mwanangu," mama akajibu. "Lakini si tunalala nyumba moja? Ungeniambia jioni."

"Wenzako wote wamepigiwa, mama."

Siku ya kufunguliwa bandeji ya jicho la kwanza, Mshenga alisimama mlangoni mwa wodi, kitambulisho kifuani, hataki kujipenyeza mbele ya wauguzi. Mama akapepesa, akazungusha uso mpaka akampata. Akamtazama sana. Nilidhani atashukuru.

"Mwanangu," akasema, "una mvi. Tangu lini?"

Wifi akaja akapiga magoti kando ya kitanda, akainamisha kichwa ili mama azione vizuri.