Kisima Nilichokihesabu Kutoka Chini

Nilisoma darasa moja na robo, na hiyo robo nilikuwa naumwa na macho. Lakini ungenisikia nikizungumza barazani Ndia Kuu, miaka ile vita vilipokwisha, ungedhani nimerudi jana kutoka masomoni Misri. Kazi yangu ilikuwa uashi, kuziba nyufa za nyumba za watu, na penseli ilikaa sikioni hata nikienda kuswali Ijumaa.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa ya binti kwa mchimba visima mmoja wa Bondeni, mtu mzima mwenye viganja kama makasia. Msahafu akiusoma vizuri, ila tarakimu za Kizungu hakuzijua. Jibu la posa lilikuwa halijatoka. Basi niliposikia ameajiriwa na Mzungu wa mawe, nami nikajipeleka, nikasema najua kuandika. Nilitaka mkwe anione nikiandika.

Mzungu yule alitaka kujua kama mawe yaliyo chini ya Bondeni na yaliyo chini ya Tudor ni tabaka zile zile. Kwao, alisema, kuna mawe ya chokaa ya zama za misitu iliyogeuka makaa ya mawe, nayo huyalinganisha kwa njia mbili. Sasa akataka kuzijaribu kwa matumbawe yetu. Ya kwanza, jiwe husagwa likatazamwa kwa hadubini, kwani limejaa makombe madogo kuliko ufuta, na kila tabaka lina makombe yake. Ya pili ni bomba la shaba linaloteremshwa kisimani kwa waya, na juu kuna sanduku linalolia ti, ti, ti. Udongo hutoa miale isiyoonekana zaidi kuliko chokaa, kwa hivyo bomba likipita penye udongo, sanduku hulia mbiombio. Yeye huandika, kisha huchora mstari. Mimi barazani nilieleza kwamba bomba lasikiliza majini wakaao chini ya ardhi. Nilieleza siku tatu, na kahawa nikanunuliwa.

Visima vilichimbwa viwili. Cha Tudor alichimba mkwe. Kila futi mbili akitia kipande cha jiwe mfukoni na kufunga mafundo kwenye kamba yake: mfuko wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, hivyo hivyo. Cha Bondeni walichimba wengine, mwandishi nikawa mimi. Vipande nilivipanga ukutani kadiri vilivyotoka, na kisima kilipofika maji nikailamba penseli nikaandika nambari kwenye mifuko. Sasa, mwashi huhesabu safu za mawe kuanzia msingi. Nyumba gani imeanza kujengwa darini? Basi jiwe la chini kabisa ndilo nililoliandika moja.

Baada ya wiki mbili Mzungu akatuita sote wawili. Mistari ya bomba ya visima vyote ilifanana kama mapacha. Lakini makombe yalikataa. Tudor, yale ya duara kama dengu yalikuwa chini na yale ya nyota juu; Bondeni, kinyume chake.

"Mifuko ya Tudor imechanganywa," alisema. "Mzee huyu hajui kuandika. Mafundo si hesabu. Kesho asije."

Mkwe aliuchukua mfuko mmoja, akayapapasa mafundo yake, akaurudisha mezani. Kisha akanigeukia mimi.

"Nimechimba visima tangu sijaota ndevu. Nambie weye msomi, nimekosa wapi?"

Mfuko wangu nambari moja ulikuwa mbele yangu, na doa la maji ya kisima bado laonekana. Hapo nikaelewa. Nasema kweli, nilifikiri kunyamaza. Nikisema, ni mjinga mbele ya mkwe. Nikinyamaza, mkwe ni mjinga mbele ya mji mzima.

"Bwana," nilisema, "moja yangu ni ya chini."

"Ya chini vipi?"

"Ya majini. Nimehesabu kama ukuta."

Aliigeuza mifuko yangu, wa mwisho ukawa wa kwanza. Dengu kwa dengu, nyota kwa nyota. Akacheka mpaka akavua miwani, akamwambia mkwe aje kesho kama kawaida. Mkwe hakucheka.

"Sasa weye ukichimba kisima, waanzia majini?"

"La, ami."

"Haya."

Nikaibeba mifuko yangu, nikamfuata hadi Bondeni. Tulipofika kwake aliingia ndani, akatoka na bunda la kamba, akanitupia.

"Ifunge mafundo mifuko yako yote. Ukimaliza, tutazungumza habari ya posa."

Niliketi barazani kwake nikafunga. Fundo la kwanza likafunguka. Nyuma ya dirisha mtu akacheka, nikajua habari zimeshatangulia ndani.

Huyo aliyecheka ndiye anipikiaye mpaka leo. Magoti yangu yamechakaa, na nikimlalamikia kwamba ngazi za nyumba hii ni kumi na nane, huniuliza, "Kutoka juu au kutoka chini?" Ni kumi na nane kotekote, lakini sijapata kumshinda.