Kituo Kwanza, Sahihi Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, ajida, mkubwa wetu wa mawasiliano katika kambi ya Rumonge, alinivika kaski ya redio masikioni akasema, "Hapa hatupigi stori, binti. Redio inakula betri, na betri iko bei kuliko weye." Nilikuwa nimemaliza sekondari, na vita vilikuwa vimefunga kila mlango mwingine. Nikatia sahihi mkataba wa askari. Leo ni mstaafu, na mtoto wangu bado ananyonya. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Lakini wanaoandikisha askari wanakuja shuleni kwenu sasa hivi, wasichana, hawangoji mimi nizeeke.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vituo vyetu vya kando ya ziwa tuliviita kwa majina ya samaki, ili anayetunyemelea hewani asijue nani yuko wapi. Gitaza ilikuwa Ndagala. Rumonge ilikuwa Mukeke. Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, ilikuwa Kuhe. Kila asubuhi Mukeke anawaita wote, mmoja mmoja, na kila mmoja anajibu. Hiyo tuliiita kushikana. Kituo kisiposhika, gari linapelekwa kutazama kama bado kuna watu.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya kupokezana. Mwenye redio havui kaski mpaka amtambulishe mpya hewani, na vituo vyote vimshike huyo mpya kwa sauti yake. Sauti isiyoshikwa ni sauti ya adui. Ajida alitufundisha hilo kwa makofi ya kisogoni.

Baada ya mafunzo Rumonge, walinianzishia Gitaza, ambako chumba cha redio kilikuwa jirani na vitanda vya kukaushia ndagala, na paka walinifuata hadi mlangoni kwa harufu ya shati. Luteni wa pale alikuwa mpole na mvivu. Kisha Kabezi. Kisha wakanirudisha Rumonge, nikiwa nimeolewa na askari wa miguu ambaye baada ya harusi walimpeleka milimani, wakamsahau huko. Shukuru alizaliwa, baba yake hakupewa ruhusa ya kuja kumwona. Mama yangu alikuwa mkimbizi Kigoma. Basi mtoto nilimbeba mgongoni, nikafanya kazi naye. Kuna mwenye neno?

Alikuwepo. Kapiteni mpya.

Nikibonyeza kitufe kuita vituo, Shukuru naye alilia hewani. Kuhe alikuwa anauliza, "Mukeke, huyo mukubwa amekula?" Ndagala anajibu kwa niaba yangu, "Huyo ni jenerali, anadai ziwa lake." Kapiteni aliyasikia hayo Jumanne moja asubuhi, akaingia.

"Hii ni redio ao ni kliniki?"

"Ni redio, mon Kapiteni."

"Mkataba wako unakwisha Ijumaa. Utasinya mwingine. Na kesho unapanda konvoa, unaenda Kabonga. Opereta wa kule ni mgonjwa."

Msafara wa kwenda Kabonga ulipita mara moja kwa wiki, kwa sababu njia ilikuwa na waviziaji. Kabonga yenyewe ilikuwa mahandaki. Mtoto haruhusiwi kufika.

"Na huyu?" nikauliza, nikigeuza mgongo amwone.

"Utamwachia majirani. Jeshi halikumzaa."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi walipotumbukia. Kukataa kutia sahihi mkataba mpya si kosa. Unavua sare, unatoka kwenye nyumba ya kambi, unapoteza maharage na sabuni, basi. Lakini kukataa kituo wakati mkataba bado unaishi ni kufungwa kasho, na kasho yetu ilikuwa chumba cha bati. Mtoto anayenyonya angekaa na nani nje ya lile bati? Kapiteni alilijua hilo. Ndiyo maana alichagua konvoa ya Jumatano hiyo, hakungoja ya wiki ijayo.

Nikasema, "Sisinyi. Kituo nitaachia nikipokewa, kama sheria inavyotaka."

Jumatano asubuhi konvoa ilikuwa inaunguruma getini. Kijana wa kunipokea alikaa kwenye kiti changu. Nilimtambulisha vizuri, bila hila. "Vituo vyote, hapa Mukeke. Mnapewa sauti mpya. Mshikeni."

Kijana akaita. Kimya.

Kisha Ndagala: "Mama Shukuru, weye tunakusikia. Huyo mwingine anakatika."

Akaita tena. Kuhe: "Anakatika kabisa. Kama samaki mu mafuta." Na huyo Kuhe ndiye mgonjwa niliyekuwa nikambadilishe! Homa ilimtetemesha hadi sauti, lakini alikataa kumshika kijana.

Kapiteni akanyakua kaski. "Kuhe! Hapa Kapiteni! Jibu!"

"Mukeke, kuna sauti hatuijui," Kuhe akasema polepole. "Inajiita Kapiteni. Mama, angalieni, pengine ni adui."

Ajida, aliyekuwa mlangoni, alikohoa na kutazama viatu vyake. Kapiteni aligeuka rangi. Alitaka kunipiga, nikaona mkono ukipanda. Lakini bila mimi pwani nzima ilikuwa bubu, na msafara haungoji mwanamke mmoja. Ukaondoka. Sikuwaomba wale wanaume wa vituoni chochote. Wengi wao nyuso zao sijaziona hadi leo.

Ijumaa mkataba ulikufa. Nikabonyeza kitufe. "Kijana huyu ni mzuri. Mshikeni sasa." Wakamshika wote, upesi, sauti safi kama maji. Nikavua kaski, nikafunga Shukuru mgongoni, nikatoka getini na sufuria mbili. Nyumba walishaifunga kufuli.

Kustaafu kwangu ni kuuza ndagala sokoni Rumonge. Siwadanganyi, ni kugumu. Kuna siku tunalala na uji. Na msidhani nachukia redio. Niliipenda kazi ile, na niliijua. Walioninyima kazi hiyo ni wale waliotaka nichague kati ya kazi na mtoto, wakaita hiyo nidhamu.

Wiki iliyopita alikuja askari mbele ya meza yangu. "Amahoro, Mama Shukuru. Kapiteni anasema urudi, usinye tena. Opereta wamepungua."

"Kituo gani?"

"Utaambiwa ukishasinya."

Nikamwambia anunue ndagala ao asogee, ananizibia wateja.