Uzi Juu ya Ramani: Dodoma hadi Arusha kwa Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Shamba alinikabidhi redio ya mawasiliano, ramani ya ukutani na ufunguo wa kibanda kando ya uwanja wa ndege. Nilikuwa nimetoka Dongobesh, na sikuwahi kuigusa ndege. Shamba lilikuwa la ngano, mali ya serikali, huku Hanang. Uwanja wenyewe ulikuwa nyasi fupi na soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka.

"Kazi yako ni moja," aliniambia. "Ndege ikiruka huko, ujue itafika saa ngapi, na ng'ombe wawe wameondoka."

Ng'ombe walikuwa wa Mzee Gidamis, mfugaji aliyekuwepo pale kabla ya ngano. Trekta haikuweza kuwaondoa. Yeye alitangulia akipiga mluzi, nao wakamfuata. Kwa hiyo kila ndege ilipotarajiwa nilimwendea, "Shikamoo mzee," nikamtajia saa. Hakuchelewa hata mara moja.

Msimu mmoja wa mavuno, rafiki yangu Tluway, dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, alinaswa mkono na mashine. Nilipouona mkono ule nilikimbilia kibandani. Nikaita kwenye redio. Kwa bahati kulikuwa na ndege ndogo inayoondoka Dodoma saa nne asubuhi kwenda Arusha. Ingetua kwetu imchukue.

Ndege zetu zote zilikuwa zikitoka Arusha, na muda wake niliukariri. Wa kutoka Dodoma sikuujua. Nikachukua uzi, nikaulaza juu ya ramani nikifuata barabara kona kwa kona, Kondoa, Babati, hadi kwetu. Nikagawa umbali kwa mwendo wa ndege, nikapata saa sita kasorobo. Nikamwambia Mzee Gidamis. Kwa kuwa muda ulikuwepo, akaenda kwanza kisimani, ng'ombe akawaacha wakila uwanjani.

Saa tano nikasikia mngurumo. Kalamu ilinidondoka. Mungu wangu, ndege haina barabara! Inakata moja kwa moja angani, na mimi nilikuwa nimeizungusha Kondoa na Babati kama lori.

Ng'ombe walijaa uwanjani. Meneja akatuma trekta ipige honi, wakatawanyika, wakarudi palepale. Rubani alizunguka, akazunguka, kisha akasema redioni, "Mafuta yaliyobaki ni ya kufika Arusha tu. Samahani." Akaenda zake. Tluway tulimpeleka kwa lori. Alipona, lakini mkono ulikatwa.

"Wafugaji hawa!" Meneja alifoka mbele yetu sote. "Wahame!"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikufungua mdomo. Wiki haikuisha, Mzee Gidamis akahamishwa na boma lake zima hadi upande wa Getanuwas.

Nilitumikia mameneja watatu baada ya hapo, na wote walinisifu kwa hesabu. Nyinyi vijana mnaokuta muda wa safari umeandikwa kwenye simu hamwezi kujua sifa ile ilivyonichoma.

Nilipostaafu nilimfuata Mzee, akiwa ameshakuwa mkongwe. Nikamweleza uzi na ramani, nikilia kama mtoto.

"Mwanangu, hayo nilijua siku ile ile," alisema. "Uliniambia karibu saa sita, ndege ikaja saa tano."

"Sasa mbona hukumwambia Meneja, mzee?"

"Nilikungoja wewe useme. Hata mizigo tulifunga polepole."